Australia: nesi mmoja usiku kucha kwa wazee 120. Sheria imetimizwa, huduma je?

#1 Zamu_ya_Usiku
Wakuu, salaam.

Swali hili ni kwa mnaofanya kazi kwenye makao ya wazee huku Australia, na kwa yeyote mwenye mzee wake humo ndani. Tangu tarehe 1 Julai 2023 sheria inataka kila makao yanayolipwa na serikali kuu yawe na nesi aliyesajiliwa, yaani RN, ndani ya jengo na akiwa kazini, saa 24, siku zote. Wa kupigiwa simu akiwa kitandani kwake hahesabiwi. Nilifurahi sana sheria ilipopita, maana nimeshuhudia hali ilivyokuwa kabla.

Lakini kuna jambo linaniuma. Sheria inauliza kama nesi yupo, haiulizi yupo kwa wazee wangapi. Nyumba ya vitanda 25 ina RN mmoja usiku, ya vitanda 120 nayo ina mmoja, na kwenye ripoti zote mbili zimetimiza. Chukua zamu ya saa 8, sawa na dakika 480. Gawa kwa wazee 120, unapata dakika 4 kwa kila mzee. Humo humo kuna makabidhiano ya zamu, kuandika taarifa na kula.

Sasa fikiria saa nane usiku bibi anakutwa sakafuni, hakuna aliyeona alivyoanguka. Lazima uchukulie kwamba kagonga kichwa. Unapima fahamu, mboni za macho, presha na mapigo, na unarudia kila nusu saa kwa saa za mwanzo. Ghorofa ya juu kuna babu anayeaga dunia, mofini yake inakungoja wewe. Korido ya pili kuna mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, amevaa koti, anatafuta basi la kwenda kazini na anataka kufungua mlango wa nje. Wahudumu ni wanne, na wawili wako chumbani wanamgeuza mtu asipate vidonda vya kulalia. Nani anaachwa?

Kwa nini usiku bado uko hivi? Ni waajiri, ni fedha, ni uhaba wa manesi, au sheria iliandikwa nusunusu?

#2 Tausi_Melbourne
Zamu, dakika 4 zako zimenigusa, ila usiushushe thamani uwepo wa yule mmoja.

Kabla ya 2023 nilikuwa mhudumu kwenye nyumba isiyo na RN usiku. Nesi alikuwa wa simu. Tulikuwa na mzee wa huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu hadi mwisho wake, dawa yake iko kabatini chini ya kufuli, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ruhusa kisheria ya kuifungua, seuze kuivuta kwenye sindano. Maumivu yakamzidi. Nesi wa simu akasema iteni ambulensi. Mzee aliyekuwa ameandika kabisa kwamba anataka kufia chumbani kwake akabebwa usiku, akafia idara ya dharura kwenye kitanda cha magurudumu, mbele ya watu asiowajua. Binti yake alifika asubuhi akatukuta tunatandika kitanda kitupu.

Angekuwepo RN mmoja tu, hata mwenye wazee 200, mzee yule angekufa kwake. Zamani hakukuwa na sheria yoyote nchi hii iliyomlazimisha mwenye nyumba kuweka nesi usiku. Sasa ipo. Tuanzie hapo.

#3 Bwana_Hesabu
Mleta mada hesabu yako ni sahihi lakini umechukua kipande kimoja cha sheria. Kuna kipande cha pili, dakika za huduma ambazo manesi na wahudumu lazima wampe mzee. Oktoba 2023 ilikuwa wastani wa dakika 200 kwa kila mzee kwa siku, 40 kati ya hizo za RN. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni 215, na 44 za RN. Huo ni wastani wa nchi nzima; kila nyumba inapewa lengo lake kulingana na hali za wazee wake. Na hupimwa kwa robo mwaka, si kwa usiku mmoja.

Nyumba yako ya wazee 120, tuseme iko kwenye wastani. 44 mara 120 ni dakika 5,280, yaani saa 88 za RN kila siku. Wewe unakaa saa 8 usiku. Saa 80 zilizobaki ziko wapi? Ziko mchana na jioni. Kwa hiyo sheria inatosha kabisa kuweka RN wawili au watatu usiku. Anayepanga zamu ndiye aliyeamua uwe peke yako.

#4 Zamu_ya_Usiku
Bwana_Hesabu, asante, hiyo 88 naichapa na kuibandika ukutani.

Lakini hapo ndipo ninaposema sheria imeandikwa nusu. Mpangaji wa zamu anajua mchana ndugu wanakuja, daktari anapita, mkaguzi anaweza kubisha hodi. Usiku hakuna shahidi. Ukimwachia mtu agawe saa 88 atakavyo, atazimwaga kwenye mwanga. Kama sheria ingesema kuanzia wazee kadhaa RN wa pili ni lazima usiku, tusingekuwa hapa.

#5 Mkongwe_Sydney
Tausi, hapana. Unaposema hakukuwa na sheria yoyote unatufutia historia sisi wa New South Wales. Hapa sheria ya jimbo ya afya ya umma ilitaka nyumba za uuguzi ziwe na RN muda wote. Ilichimbwa kimyakimya. Serikali kuu ilifuta mpaka kati ya huduma ya juu, ya wazee wanaohitaji uuguzi mwingi, na huduma ya chini Julai 2014, na sheria ya jimbo ilikuwa imejengwa juu ya mpaka huohuo. Ghafla haikueleweka tena ni nyumba ipi inabanwa na ipi haibanwi. Wenye nyumba hawakusubiri ufafanuzi.

Tena kabla ya Sheria ya Huduma kwa Wazee ya 1997 sehemu ya fedha ilitengwa kwa uuguzi tu, na isipotumika kwa uuguzi inarudi. Sheria ya 1997 ikaondoa kufuli hilo. Ikabaki kusema nyumba iwe na wafanyakazi wa kutosha wenye ujuzi unaofaa. Wa kutosha ni wangapi? Kila mwenye nyumba alijijibu mwenyewe kwa zaidi ya miaka 20.

Halafu ikaja aibu ya Oakden pale Adelaide mwaka 2017, makao ambako wazee walitendewa vibaya, Tume ya Kifalme ya kuchunguza huduma za wazee ikaundwa Oktoba 2018, ikapokea maoni zaidi ya 10,000 na kusikiliza mashahidi zaidi ya 600. Ripoti ya mwisho ilitoka Machi 2021 na mapendekezo 148. Pendekezo la 86 ndilo la wafanyakazi. Tume ilitaka hatua mbili: RN wa asubuhi na jioni, saa 16, kuanzia Julai 2022, kisha saa 24 kuanzia Julai 2024. Serikali iliyoingia Mei 2022 ikavuta ya saa 24 mbele kwa mwaka mzima. Wengine tunaamini ule mwaka mmoja ndio uliotupa sheria ya haraka isiyo na idadi.

#6 Fundi_Mchundo
Mkongwe kafungua maktaba usiku huu, mtu asilale 😄

Mimi ni mhudumu wa kawaida, nina cheti cha daraja la tatu. Swali dogo: nani anahakikisha kwamba huyo RN yupo kweli? Maana kwetu jina liko kwenye rosta, mtu simwoni.

#7 Bwana_Hesabu
Fundi, nyumba hutuma ripoti kila mwezi. Lazima itaje kila kipindi cha dakika 30 au zaidi ambacho hapakuwa na RN jengoni, na ieleze ni mpango gani ulifidia. Anayejaza ni nyumba yenyewe. Serikali huchapisha matokeo, na mamlaka ya ubora ndiyo yenye meno. Kama jina liko kwenye rosta na mtu hayupo, hilo ni la kupeleka malalamiko, unaweza hata bila kutaja jina lako.

#8 Mtu_wa_Bara
Nyie wote mnaongea kama Australia ni Melbourne na Sydney. Niko mji mdogo huku ndani sana, wenyewe wanauweka kundi la 6 kwenye ile ngazi ya umbali ya 1 hadi 7. Nyumba yetu ina wazee 22.

Chukua hesabu ya Bwana_Hesabu uigeuze. RN saa 24 ni dakika 1,440. Gawa kwa 44, unapata wazee karibu 33. Nyumba yenye wazee chini ya hapo, ile kanuni ya saa 24 pekee inaidai RN wengi kuliko kanuni ya dakika inavyodai. Kwetu 1,440 kwa 22 ni dakika 65 kwa mzee. Ndiyo maana msamaha uliwekwa kwa nyumba za vitanda 30 kushuka chini zilizo kundi la 5 hadi 7, mwanzoni kwa miezi 12, na nyumba ndogo zikaongezewa ruzuku.

Fedha zilikuja. Nesi hakuja. Tumetangaza nafasi ya usiku mpaka tangazo limezeeka. Tunayempata ni wa wakala, anasafirishwa kwa ndege, analazwa kwa gharama yetu, wiki chache anaondoka. Na kila nyumba ya mji mdogo ikifungwa, mzee anapelekwa mamia ya kilomita, mke wake aliyebaki hawezi kuendesha gari mpaka huko. Kwa hiyo kabla ya kudai RN wa pili usiku, mnikumbuke mimi ninayemtafuta wa kwanza.

#9 Tausi_Melbourne
Mtu_wa_Bara, pole kaka. Ila hoja yako na ya Zamu hazigombani. Kinachomlinda mzee wa nyumba kubwa mjini si lazima kikubane wewe.

Mkongwe, nimesoma. Jimbo langu halikuwa hivyo.

#10 Bi_Rehani
Wanangu, mimi si nesi. Mama mkwe wangu aliingia kwenye makao baada ya kuvunjika nyonga, na kumbukumbu yake tayari ilikuwa inakwenda. Naomba niongee kama ndugu wa mzee.

Mama akiwa na maumivu halii. Anaimba. Anaimba taratibu tenzi za kanisani kwao, ubeti uleule, na mkono wake unasugua shuka. Wahudumu wake wa kila siku walilijua hilo. Usiku mmoja nesi wa wakala, mara yake ya kwanza jengoni, akaambiwa mama haachi kuimba anawaamsha wenzake. Akampa dawa ya ikibidi ya kumtuliza. Asubuhi mama hakuweza kumeza chai, na mguu umevimba. Alikuwa na maambukizi kwenye kidonda.

Simlaumu yule binti. Alikuwa na wazee wengi asiowajua, mafaili yenyewe anayasoma kwa mara ya kwanza. Lakini nyumba ilikuwa na RN, saa 24, kama sheria inavyotaka. Kwa hiyo mimi naona tatizo ni ugeni. Nesi asiyemjua mzee hata wakiwa watatu, hawatamsikia.

#11 Nesi_wa_Diploma
Shikamoo Bi Rehani. Umenileta machozi, na umenipa mlango wa kuingia.

Mimi ni EN, yaani nesi wa diploma, ngazi ya chini ya RN. Nilikuwa nawajua wazee wa korido yangu wote, nani anameza kidonge na uji, nani anatema. Mwaka 2024 nafasi za EN pale kwetu zikaondolewa. Sababu ilielezwa waziwazi mkutanoni: dakika za EN hazihesabiwi kwenye lengo la RN, zinahesabiwa kwenye jumla tu, na kwenye jumla mhudumu wa cheti anahesabiwa sawa na mimi kwa mshahara mdogo zaidi. Kwa jicho la mhasibu sikuwa na faida upande wowote.

Tangu Oktoba 2024 wameruhusu hadi asilimia 10 ya lengo la RN ifikiwe na EN. Wakati huo wengi wetu tulishahamia hospitali. Mnapotafuta ujuzi wa usiku ulikwenda wapi, mwingine ulikwenda hivyo. RN mmoja na EN wawili usiku, sisi tungegawa dawa na kufunga vidonda, yeye akabaki na zile kazi ambazo ni yeye tu anaweza.

#12 Fundi_Mchundo
Dada EN, kwetu ndivyo ilivyokwenda vilevile. Na mtaalamu wa viungo naye kapunguzwa, kwa sababu dakika zake hazihesabiwi kabisa. Wa michezo na burudani naye hahesabiwi. Wazee wakiacha kutembezwa wanaanguka zaidi, na wakianguka usiku mzigo unamrudia RN yuleyule mmoja.

#13 Meneja_Mstaafu
Nimesoma yote kwa heshima. Nimesimamia nyumba za wazee, za mashirika ya dini, zisizo za faida. Naomba nitetee wanaopanga zamu kidogo.

Mnasema fedha zipo. Mfumo wa malipo wa Oktoba 2022 ulikuwa bora kuliko uliotangulia, kweli. Juni 2023 mishahara ikapanda asilimia 15 na serikali ikatenga dola bilioni 11.3 kuilipia. Lakini pengo la mshahara kati yetu na hospitali halikufungwa, RN mzuri alikaa kwetu akisubiri nafasi ya hospitali. Usiku una nyongeza ya malipo, wikendi ina nyongeza, wakala anatoza juu ya hapo. RN wa pili wa usiku ndiye mfanyakazi ghali kuliko wote kwenye rosta, na ndiye mgumu kumpata. Nikimweka yeye, namtoa RN wa asubuhi anayekaa na daktari, anayepanga matibabu, anayeona kidonda kikiwa kidogo. Kidonda kikionwa asubuhi, usiku hakuna dharura. Hiyo ndiyo hesabu niliyofanya, na sikuifanya kwa kukwepa mashahidi kama #4 anavyodai.

#14 Zamu_ya_Usiku
Meneja, nakuheshimu na nimekuelewa, lakini sikubali. Anguko la saa nane usiku halizuiliki kwa mpango wa asubuhi. Mtu anayefariki hachagui zamu. Na dakika zenyewe ambazo serikali inazilipia, nyumba nyingi bado hazijazifikia. Ndiyo maana kuanzia Aprili 2026 sehemu ya fedha za nyumba za miji mikubwa inategemea dakika zinazotolewa kweli. Kama kila aliyelipwa angetoa, serikali isingefika huko.

#15 Meneja_Mstaafu
Zamu, wapo waliopokea na kutunza. Sikatai. Ila usituweke wote kapu moja.

#16 Mwana_wa_Ohio
Ndugu zangu, niko Marekani, nyumba za wazee vilevile. Nawaombeni msiibeze sheria yenu hata kidogo.

Huku sheria ya 1987 inataka RN saa 8 mfululizo kwa siku, zilizobaki inatosha nesi wa leseni ya chini. Mwaka 2024 serikali ikatoa kanuni: RN saa 24 na saa 3.48 za huduma kwa mzee kwa siku. Wenye nyumba wakaenda mahakamani. Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta, na Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayozuia kanuni hiyo isitekelezwe hadi 2034. Hoja yao kubwa ilikuwa ileile ya Mtu_wa_Bara: manesi hawapo, nyumba za vijijini zitafungwa. Sasa naona mzee wa mjini, mahali penye manesi tele, naye kanyimwa kwa jina la mzee wa kijijini.

#17 Bwana_Hesabu
Ohio, nimegeuza 3.48 yenu: ni dakika karibu 209. RN kati ya hizo ilikuwa saa 0.55, yaani dakika 33. Australia 215 na 44. Hazipishani sana kwa jumla, zinapishana kwa RN.

#18 Mtu_wa_Bara
Ohio, nisiwekwe upande wa hao wenye nyumba. Mimi sikusema sheria ifutwe. Nimesema nileteeni nesi.

#19 Kijana_wa_NCLEX
Samahani nachomekea. Mimi ni nesi wa shahada nyumbani Afrika Mashariki, uhaba mnaousema unanifaa. Naanzia wapi kusajiliwa huko?

#20 Tausi_Melbourne
Kijana, njia ya kawaida ni kujipima kwanza kwenye tovuti ya mamlaka ya usajili, kisha mtihani wa NCLEX-RN, ule wa nadharia wa manesi, kisha mtihani wa vitendo ambao unafanyikia huku Australia. Kiingereza nacho kina mtihani wake. Usimlipe mtu anayekuahidi njia ya mkato. Fungua uzi wake, tutakuja.

#21 Chipukizi_RN
Kabla hamjamleta Kijana hapa na kumweka usiku peke yake, nisikilizeni.

Nilimaliza shahada, nikaajiriwa makao ya wazee, na baada ya kufundishwa kwa muda mfupi nikakabidhiwa usiku. Jengo zima. Wahudumu walionizidi umri na uzoefu wakawa wananiuliza mimi. Mzee alianza kuhema kwa sauti, nikasimama mlangoni sijui kama ni mapafu yamejaa maji au ni mwisho wake wa kawaida, na tofauti ya hizo mbili ni kumpeleka hospitali au kumwacha kwa amani. Hospitali ningemgeukia nesi wa kitanda cha jirani. Pale hakuna wa kumgeukia. Nilipiga simu kwa meneja, akaniambia tumia uamuzi wako wa kitaalamu.

Sheria inasema RN. Haisemi RN wa miaka mingapi. Wenye uzoefu wamejipatia zamu za mchana, usiku tunaachiwa sisi. Bwana_Hesabu anaweza kugawa dakika anavyotaka, dakika yangu ya wakati ule na ya Zamu si sawa.

#22 Zamu_ya_Usiku
Chipukizi, pole sana mdogo wangu. Hilo sikulitaja na nalijua. Ukipata tena hali ile, angalia mpango wake wa huduma za mwisho kama umeandikwa, hesabu pumzi dakika nzima, na usione haya kupiga simu mara ya pili na ya tatu.

#23 Mkongwe_Sydney
Nami niongeze ambalo hamjaligusa: daktari. Tunamlaumu nesi wa usiku kwa kumpakia mzee kwenye ambulensi, lakini daktari wa familia anakuja mara chache, na usiku simu yake inapokelewa na mashine. Nesi ana mzee mwenye homa, antibiotiki iko kabatini, hana mtu wa kumwandikia. Hata mkiweka RN watano, wote wanaishia kupiga simu ileile ya dharura.

#24 Tausi_Melbourne
Victoria hapo tumepiga hatua. Kuna idara ya dharura ya video, nesi wa makao anapiga, daktari anamwona mzee kwenye tableti, anaandika dawa, mzee anabaki kitandani kwake. Lakini anayeshika ile tableti, anayesikiliza kifua na kusema nimesikia nini, ni RN. Kwa hiyo daktari wa video anamhitaji nesi aliyepo, hachukui nafasi yake.

#25 Nesi_wa_Diploma
Na kwa kuwa mko Victoria, mbona hamjataja uwiano? Makao ya wazee ya umma ya jimbo hilo, vitengo vya huduma ya juu, yana sheria ya 2015: asubuhi nesi mmoja kwa wazee 7 na msimamizi juu, jioni mmoja kwa 8 na msimamizi, usiku mmoja kwa 15. Chukua nyumba ya Zamu, 120 gawa kwa 15. Manesi 8 usiku.

#26 Mwana_wa_Ohio
Manane? Narudia kusoma.

#27 Meneja_Mstaafu
Ohio, tuliza moyo. Kwenye uwiano ule EN naye ni nesi, si lazima wote wawe RN. Na ni nyumba za umma za jimbo tu, zinazoongezewa fedha na serikali ya jimbo. Nyumba nyingi nchi hii ni za mashirika na kampuni, haziguswi na sheria hiyo. Ukinipa fedha za jimbo juu ya za serikali kuu, nitakuwekea hao wanane.

#28 Nesi_wa_Diploma
Meneja, basi tumekubaliana kwamba inawezekana. Imewezekana kwa zaidi ya miaka 10 jengo la mtaa wa pili.

#29 Bi_Rehani
Nimejifunza mengi kuliko nilivyoambiwa na mtu yeyote wakati tunamtafutia mama nyumba. Tulioneshwa bustani, piano na orodha ya vyakula. Sasa wifi yangu anamtafutia baba yake. Aulize nini?

#30 Chipukizi_RN
Aulize usiku wa Jumamosi kuna RN wangapi na wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi. Jumatano mchana haimsaidii. Aulize RN wa usiku ni wa nyumba au wa wakala, na nani anapigiwa simu akizidiwa.

#31 Bwana_Hesabu
Kwenye tovuti ya serikali kuna alama za nyota kwa kila nyumba, zimewekwa tangu Desemba 2022. Asiishie kwenye nyota ya jumla. Afungue sehemu ya wafanyakazi, atakuta dakika za nyumba zikilinganishwa na lengo lake, za RN peke yake na za jumla. Ila ni wastani, usiku haujitengi humo.

#32 Fundi_Mchundo
Na aende saa mbili usiku, sio saa nne asubuhi. Abonyeze kengele ya ukutani ahesabu.

Halafu wakuu, jengo lenyewe mbona hakuna anayelisema? Nyumba mpya zinajengwa kama hoteli, ghorofa nne, vyumba vya mtu mmoja mmoja, korido ndefu zimejikunja. Mzee ana faragha na choo chake, vizuri sana. Lakini akianguka nyuma ya mlango uliofungwa hakuna anayesikia, na nesi anatumia nusu ya usiku kwenye lifti. Nyumba ya zamani ya wodi nesi aliwaona wote akiwa amesimama mahali pamoja. Mimi nasema ukiacha kila kitu, RN mmoja kwenye jengo la chini angeweza.

#33 Zamu_ya_Usiku
Fundi, jengo lina mchango, sikatai. Ila sasa nimehamia nyumba ya ghorofa moja, wazee 90, tuko RN wawili usiku na EN mmoja. Juzi walianguka wawili kwa wakati mmoja. Kila mmoja wetu akachukua wake, na EN akagawa dawa za alfajiri zikatoka kwa wakati. Lifti hazikuwa na neno hapo, tofauti ilikuwa ni mikono. Hata hivyo mwenzangu ni wa mkataba wa miezi michache, na mwenye nyumba kesha sema bajeti ijayo ataipitia upya.

#34 Meneja_Mstaafu
Ataipitia kwa namba gani? Waliolazwa hospitali kutoka hapo usiku wamepungua? Kama wamepungua, andikeni, mpelekeeni kabla hajakaa kwenye kikao. Hiyo ndiyo lugha ya bajeti.

#35 Zamu_ya_Usiku
Tunaandika tangu wiki iliyopita. Chipukizi, kama nawe una kumbukumbu zako za usiku, nitumie faragha, bila majina ya wazee.